Wiki Nane Bila Mukene

Miaka ishirini na sita nilitunza bohari ya polisi:
buti, blanketi, taa za chemli.
Kilichoingia nikakiandika, kilichotoka nikakiandika.
Sasa bohari yangu ni paka mmoja.

Anaitwa Sajini, kwa mistari mitatu begani.
Mdomo wa juu umeliwa na kidonda,
shingoni ngozi imefunguka, mbichi,
na usiku kucha anajikuna
hadi kitanda chetu kinatikisika.

Nililaumu vumbi la saruji.
Nyadoi, mke wangu, akalaumu viroboto.
Jirani akalaumu jicho la mtu, hakumtaja.
Daktari Ofwono akamchana kwa kitana chembamba
juu ya karatasi nyeupe, hakuona kirukacho,
akauliza: "Anakula nini?"

Mukene, nikasema.
Asubuhi mukene, jioni mukene juu ya posho.
Nyadoi akatazama viatu vyake.

Maana yeye ndiye mwuza mukene,
mlango wa pili wa soko la Tororo.
Mukene ndio walioezeka paa hili,
wakamsomesha Athieno hadi ukunga,
na leo twaambiwa huenda ndio wanaomla paka
badala ya paka kuwala.

"Labda samaki," alisema daktari. "Labda ng'ombe. Labda maziwa.
Kuna chakula ambacho mwili wake unakipiga vita,
na uwanja wa vita ni ngozi.
Mpe nyama asiyowahi kuionja,
hiyo tu, na huu unga wa madini, wiki nane.
Ulimi usiguse kingine."

Asiyowahi kuionja! Nikapekua maisha yake yote.
Kuku, Krismasi. Mbuzi, aliiba matangani kwa Owor.
Bata, sitaki kusimulia.
Basi sungura.
Obbo wa nyuma ya kanisa anawafuga;
akanitajia bei, nikakohoa, nikalipa.
Nikachemsha bila chumvi, bila kitunguu.
Sajini akanusa, akanitazama
kama ofisa aliyeletewa chai ya mahabusu,
akaparura sakafu kuizika sahani.

Paka hashindishwi njaa, daktari alionya;
siku mbili tu, ini linaanza kulia.
Nikaipasha moto tena, nikamlisha kwa kidole,
mimi niliyekataa kumlisha Athieno kwa kijiko
nikisema hiyo ni kazi ya mama yake.

Daftari. Wiki ya pili: anakula. Anajikuna.
Wiki ya tatu: sungura wa nne. Anajikuna.
Wiki ya nne: saa tisa usiku nimeamshwa na kimya.
Wiki ya tano: ukoko wa mdomoni umebanduka,
chini yake ngozi changa, kama ya kitoto.

Wiki ya sita nimeiandika kwa wino mwekundu.
Kakutwa ndani ya gunia la Nyadoi,
mkia tu nje, ukicheza.
Siku ya tatu shingo ikafunguka upya.
Nilitukana kwa Kiswahili cha kambini, chote.
Ofwono akacheka kwenye simu:
"Amejipima mwenyewe, mzee. Sasa tunamjua adui.
Anza kuhesabu upya."

Tangu hapo magunia yanalala kwa Obbo,
katikati ya vizimba vya sungura.
Nyadoi akirudi sokoni husimama penye pipa,
ndimu, sabuni, hadi viwikoni,
ndipo Sajini humkagua vidole, kimoja kimoja,
polepole, kama kitambulisho cha mgeni,
kisha humruhusu kuingia kwake.

Nasi? Sisi ni watu wa mukene,
sungura hatumwezi, kwa bei wala kwa hamu.
Usiku tunakula nyuma ya nyumba, tumesimama,
sahani moja, taa imezimwa,
tukinong'ona kama wezi wa bohari.
Dirishani macho mawili ya kijani
yanaandika.